Jicho la maji

Mwezi wa nane mwaka 2021 nilishuka Uvira, mji wa Congo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa matanga ya bibi yangu, mama yake mama. Siku ya tatu, watu walipoanza kupungua uani, mjomba aliona nimekaa kimya mno. Yeye ni mvuvi wa Kalundu, anatafuta ndagala tangu kabla sijazaliwa. Mimi nimebeba jina la bibi, kwa hiyo mjomba huniita mama, na siku ile neno hilo lilikuwa linamuuma yeye mwenyewe kila alipolitamka. Akaniambia, “Mama, kuja leo usiku twende ku ziwa. Kilio haikatazi mutu kuona maji.”

Tukaenda. Usiku haukuwa na mwezi, na ndagala huvuliwa vizuri usiku kama huo, kwa sababu taa ya mvuvi inakuwa mwezi wao. Taa ziliwashwa, wadudu wakaja, kisha samaki wakaanza kumeta chini kama mvua inayopanda. Vijana walikuwa wanashusha wavu. Mjomba hakuwa anaangalia wavu. Alichukua beseni, akachota maji pembeni ya mtumbwi, akaliweka kati ya magoti yangu.

“Angalia.”

Sikuona kitu. Niliona maji na sakafu ya beseni. Mjomba akawasha taa ya simu, akailaza ubavuni, na hapo nikaona kivuli kabla ya kumwona mwenye kivuli. Duara. Upana wake haukufika wa kizibo cha chupa ya maji. Katikati palikuwa na pete nyeupe hafifu, na ukingoni kulikuwa na nyuzi nyingi nyembamba kama kope. Alikuwa anafumba na kufumbua, anafumba na kufumbua, na kila akifumba alisogea kidogo.

“Hii njo jicho ya maji,” mjomba akasema. “Haina mufupa, haina damu, haina kichwa. Lakini iko nakula, na iko nazaa.”

Mimi ni mtu wa labo. Kazi yangu Bukavu, katika kituo kimoja cha afya, ni kuangalia tone nene la damu na kusema kama kuna malaria au hakuna. Kwa siku naweza kuinamia mikroskopi masaa sita. Nimeona viumbe vingi vidogo, na karibu vyote nilivitafuta ili mtu apewe dawa ya kuviua. Huyu alikuwa wa kwanza ambaye nilitamani tu aendelee kuishi.

Halafu nikaona kingine. Ndani ya beseni hilohilo, kikizunguka pamoja naye, kulikuwa na kipande cha sashe ya buluu, yaani mfuko mwembamba wa plastiki, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo. Kope za yule mnyama zilikuwa zimekigusa, na kilipozunguka naye alizungushwa. Mjomba akakitoa kwa kidole, akakiinua kwenye taa, akasema bila hasira yoyote:

“Hii inatoka kwenu.”

Nilibisha. Nilisema Uvira nao wanatupa, Bujumbura nao wanatupa, mito yote ya milimani inashuka na takataka. Akakubali yote. Kisha akasema, “Njo vile. Lakini Ruzizi haipandake.”

Andiko hili nimechelewa kuliandika kwa miaka, kwa sababu ya maneno hayo matatu: mto Ruzizi unashuka kutoka kwetu, haupandi.

Watu wa pwani wana jina la mnyama huyu: konyeza. Wengine husema yavuyavu. Nililipata jina hilo baadaye, na lilinigusa, kwa sababu kukonyeza ni kumpa mtu ishara kwa jicho. Mjomba hajawahi kufika pwani wala hajui Kiswahili chao, lakini naye aliona jicho. Sisi Bukavu shuleni tulimsoma kwa Kifaransa, meduza, mnyama wa baharini, tukachora mwavuli na mikia, tukapata pointi zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba yuko wa maji baridi, na kwamba anaishi katika ziwa ambalo gari likitoka Bukavu asubuhi linalifikia mchana.

Jina lake la kisayansi ni Limnocnida tanganyicae. Mjerumani Richard Böhm alimwona katika Ziwa Tanganyika mwaka 1883; mwaka uliofuata akafia Katanga. Maelezo kamili ya mnyama huyu yaliandikwa Uingereza na Robert Günther mwaka 1893. Habari hiyo iliwasumbua sana wataalamu wa wakati ule. Konyeza ni wa bahari, walijua hivyo. Sasa anafanya nini katikati ya Afrika? Mwingereza mmoja, Moore, alikuja kuchunguza ziwa katika miaka ya 1890 akiamini kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofungiwa nchi kavu. Dhana hiyo haikusimama. Ziwa letu lilizaliwa na ardhi iliyopasuka, miaka mamilioni iliyopita, bonde likashuka na maji yakajaa. Lakini napenda kwamba kiumbe mdogo hivyo, asiye na hata ubongo, aliwafanya watu wazima wapande meli na kutembea kwa miguu miezi mingi.

Sasa nirudi kwa Ruzizi, maana hapo ndipo penye neno.

Asiyejua mji wetu aelewe hivi. Bukavu imekaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, juu, kama mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini, kati yetu na Rwanda. Kutoka hapo maji yanaporomoka kwenye magenge, yanapita Kamanyola, yanatandaa kwenye uwanda wa Ruzizi wenye joto na mpunga, hadi Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Ni mteremko wa karibu mita 700. Kila kitu chepesi kilichoanguka Kadutu, mtaa wa Bukavu, mvua ikinyesha kina safari mbele yake: mfereji, mto Kahwa, ghuba ya ziwa, Ruzizi.

Kila mkaaji wa Bukavu ameona Kahwa baada ya mvua kubwa. Chupa, sashe, ndala za mguu mmoja, vikopo vya mafuta ya kupakaa, vyote vinashuka kwa haraka kama watu wanaokimbilia stimeri. Na kila mkaaji wa Bukavu ameona giza. Kituo cha umeme cha Ruzizi I, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kilomita chache chini ya mdomo wa ziwa, kinazibwa na takataka hizo hizo. Chupa zinajazana mbele ya vyuma vya kuchuja hadi maji yanafunikwa na mtu angedhani anaweza kutembea juu yake. Wapiga mbizi wanashuka kuzing’oa kwa mikono. Tumezoea kulisimulia jambo hili kama habari ya umeme: plastiki imeziba, mashine imesimama, friji imeyeyuka. Ni kweli, na inauma. Lakini nilipotoka Uvira nilianza kuitazama ile chuma ya kuchuja kwa namna nyingine. Chuma kinazuia chupa. Kinazuia bidoni. Hakizuii kile ambacho kimekwisha kusagika.

Na plastiki inasagika. Haiozi, bali inasagika, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechanganya mambo hayo mawili. Ndizi ikioza, wadudu wameila, imekuwa udongo. Sashe ikikaa juani, jua linaikausha na kuivunja, mawimbi yanaisugua kwenye mawe, inakuwa vipande, vipande vinakuwa vipande vya vipande, na kila kimoja bado ni plastiki ile ile. Vikishuka chini ya milimita 5 huitwa mikroplastiki. Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, na wenzake ndio waliolitangaza neno hilo mwaka 2004. Nyingine hazihitaji hata kusagika. Nguo za tombola, yaani mitumba, tunazovaa, zile zisizo za pamba, zinaachia nyuzi kila zinapofuliwa. Nimefua ziwani tangu nikiwa na miaka sita. Mama alinifundisha kusugua kola kwa nguvu. Povu liliondoka, na nyuzi ziliondoka nalo, na sikuziona.

Tanganyika linapokea. Linapokea kwa namna ambayo ziwa lingine lingeshindwa, kwa sababu lina kina cha mita 1,470 na urefu wa kilomita zaidi ya 600. Lakini huko nako mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, pale Kalemie, na maji yanayotoka hapo ni machache. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kwa kupanda hewani, kwa jua. Jua linachukua maji. Plastiki inabaki.

Na hata ukubwa huo unadanganya. Upande wa kaskazini, kwa mjomba, hewa ndani ya maji inafika kama mita 100 tu. Chini ya hapo ni giza lisilo na pumzi, na samaki hawaishi. Kwa hiyo konyeza, ndagala, vijidudu wanavyokula, na sashe zetu zinazoelea, wote wamebanana kwenye tabaka jembamba la juu. Ni kama familia kumi katika nyumba ya ghorofa kumi na tano, lakini ni ghorofa ya juu tu yenye madirisha.

Je, plastiki inamfanya nini konyeza? Nilianza kusoma usiku, umeme ukiwepo, na nitasema nilichokielewa.

Konyeza hawindi kwa macho. Anaacha kope zake maji yapite, na kinachogusa kinakamatwa na visindano vidogo na ute, kisha kinapelekwa kinywani. Hachagui kama wewe na mimi tunavyochagua. Kwa mamilioni ya miaka hakuwa na sababu ya kuchagua, kwa kuwa kila kilichokuwa kidogo na kinaelea kilikuwa chakula. Karibu na visiwa vya Ponza, Italia, watafiti waliwakuta konyeza wa zambarau wa Mediterania wakiwa na vipande vya plastiki ndani ya tumbo. Waliandika hayo mwaka 2018. Mwaka 2020 Waitaliano wengine walichapisha jaribio ambalo nimelisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyoandikiwa. Waliwachukua konyeza wachanga kabisa wa jamii ya Aurelia, wakawaweka kwenye maji yenye chembe za polietilini, aina ya plastiki, ndogo mno, sehemu chache tu kati ya elfu za milimita moja. Katika siku mbili, chembe zilikuwa juu ya miili yao na ndani yake. Mapigo yao yakabadilika. Wale wanaofumba na kufumbua wakaanza kupoteza mdundo, wengine wakasimama wasisogee.

Konyeza asiyepiga mapigo hali chakula. Hapandi, hashuki, anazama tu. Mapigo yake ndiyo miguu yake, na ndiyo mkono unaoleta chakula.

Lakini jaribio hilo lina sehemu ya pili, na kama mtu wa labo siwezi kuificha. Walipowahamishia kwenye maji safi, ndani ya siku tatu wakapona. Na mwaka huo huo, huko Australia, watafiti walijaribu konyeza wakubwa wa Aurelia, wakakuta wanameza kidogo, wanatema upesi, na hawaonyeshi madhara yaliyopimika. Kwa hiyo sitawaambia kwamba sashe ya Kadutu inaua kila konyeza wa Kalundu. Ningesema uongo, na uongo wa kutetea mnyama ni uongo. Ninachosema ni hiki: wale wa Italia walipona kwa kuwa mtu aliwachota akawatia kwenye maji mengine. Konyeza wa mjomba atachotwa na nani, atiwe wapi? Maji yake ndiyo hayo. Yanayoingia kesho yametoka kwetu leo.

Jambo jingine lilinishangaza kwa uzuri. Ule ute wake, unaomfanya ateleze mkononi, unashika chembe ndogo hata zile ambazo vichungi vya watu vinashindwa. Kuanzia mwaka 2018 watafiti wa Ulaya, wakiongozwa kutoka Kiel, Ujerumani, walifanya mradi wa miaka kadhaa wakitafuta namna ya kutumia ute wa konyeza kuchuja mikroplastiki kwenye maji machafu. Niliposoma hayo niliweka simu chini. Kiumbe asiye na kichwa anafanya kazi ambayo vyuma vya Ruzizi haviwezi, na anaifanya kwa mwili wake mwenyewe.

Mwezi wa pili mwaka 2022 nilirudi Uvira, safari hii na chupa ndogo za labo zenye formalini. Mjomba alicheka aliponiona nazipanga kwenye begi kama dawa za mgonjwa. Tulipata konyeza kadhaa usiku mmoja. Nilipowatia kwenye formalini niliwaomba msamaha, kwa sauti, na vijana wa mtumbwi walinyamaza.

Kwenye labo yetu tuna potasi, asilimia 10, ya kuyeyushia magamba ya ngozi tunapotafuta ukungu. Potasi hiyo hiyo inayeyusha nyama na kuacha plastiki, na konyeza karibu mwili wote ni maji, hivyo anayeyuka upesi. Niliomba ruhusa, nikafanya kazi jioni wagonjwa wakiisha. Pembeni niliweka kisahani cha maji masafi tu, wazi, bila kitu, ili nijue ni vumbi gani linaanguka kutoka hewani mle chumbani.

Usiku wa kwanza niliona uzi wa buluu. Mrefu, laini, rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho, usio na seli. Moyo ulinidunda. Kisha nikaangalia kisahani cha pembeni, na humo nako kulikuwa na uzi wa buluu, ndugu wa yule. Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa sweta ya buluu ya tombola, kwa sababu Bukavu jioni kuna baridi. Uzi ulikuwa wangu. Nilikaa pale muda mrefu. Nilikuwa nimekuja kutafuta takataka zangu ndani ya mnyama, nami niliendelea kumwagia nyingine nikimwangalia.

Nilianza upya. Blauzi ya pamba, vyombo vimeoshwa kwa maji yaliyochujwa, kila kitu kimefunikwa. Uzi haukuonekana tena. Lakini ndani ya konyeza mmoja, baada ya mwili wake wote kwisha kuyeyuka, kilibaki kipande bapa cha kijani, chenye kingo zilizochanika, kidogo kuliko punje ya chumvi ya mezani. Nilipasha sindano moto kwenye taa ya spiriti nikaigusisha. Kitu cha asili, jani au gamba la mdudu, kingeungua au kukaa vilevile. Hiki kilijikunja, kikalainika, kikanata kwenye ncha ya sindano.

Kipande kimoja, ndani ya mnyama mmoja, kilichoonwa na mtu mmoja. Sikiiti utafiti. Watafiti wenye vyombo walishafanya kazi hiyo kwenye maziwa yetu makuu: mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyofanywa Mwanza, kwa sangara na sato waliotoka Ziwa Viktoria, na plastiki ilithibitishwa katika samaki mmoja kati ya kila watano. Hao ni samaki wa sokoni, wa sahani. Mimi nilikuwa nataka kujua tu kama jicho lilikuwa limeingiwa na kitu. Lilikuwa limeingiwa.

Kuna jambo ambalo watu wa Bukavu wengi hawalijui, na linanifanya niandike kwa uchungu zaidi. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, si wa hapa. Ziwa Kivu, kwa ajili ya historia yake ya volkano na gesi, lilikuwa na aina chache za samaki, na maji yake ya wazi hayakuwa na samaki wa kuyala mazao yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1960, wakati uleule Ruzizi I inajengwa, samaki wadogo walichukuliwa kutoka Tanganyika wakaletwa kumwagwa Kivu. Wakazaana. Ndio hao wavuvi wetu wanaowafuata usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wakiimba, na taa zao tunaziona kutoka Nguba kama kijiji kilichojengwa juu ya maji. Ndio hao tunaokaanga, tunaowapa watoto wadogo wapate nguvu, tunaowapelekea wagonjwa. Tanganyika walitupandishia sambaza kwa mikono ya watu, dhidi ya mteremko, kwa taabu. Sisi tunawashushia sashe bure, kwa kuachilia tu mkono.

Ndagala wa mjomba na konyeza wake wanakula mezani pamoja. Wote wanatafuta wale vijidudu vidogo wenye miguu ya kuruka majini. Kinachoingia kwenye kinywa kimoja hakikatazwi kwenye kingine. Kwa hiyo hata asiyejali jicho la maji, na simlaumu, ana ndagala wa kujali.

Sheria ipo. Mwisho wa mwaka 2017 serikali yetu ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Rwanda walikataza mifuko tangu 2008, na kila anayevuka daraja la Ruzizi anajua: upande ule unaulizwa una nini kwenye mfuko, na mfuko wenyewe unaachwa. Nimevuka mara nyingi. Upande wa pili nanunua kitu kinawekwa kwenye karatasi, narudi nacho, na hatua mia moja baadaye kwetu mtu ananiuzia karanga tano kwenye sashe. Sitaki kumkemea mwenye karanga. Sashe mia anazipata kwa bei ambayo karatasi haitampa, na jioni ana watoto wa kulisha. Pale mtaani kwetu gari la kubeba takataka halifiki, njia ni ngazi za udongo. Mfereji ndio gari. Anayesema “watu wa Bukavu ni wachafu” hajawahi kubeba ndoo ya takataka kutoka juu Kadutu akatafuta mahali halali pa kuiweka. Nimeitafuta. Nililipa kijana mwenye mkokoteni, na siku moja nikamfuata kwa mbali. Alimwaga Kahwa.

Tangu hapo naenda sokoni na kitunga cha bibi, kile cha mianzi chenye mkono ulioshonwa kwa waya. Mama ninayenunua kwake sambaza pale Nyawera mwanzoni alikataa kuwamwaga humo.

“Dada, maji itatiririka ku nguo yako.”

“Acha itiririke, mama.”

“Juu ya nini unajitesa vile? Sashe iko, ni ya bure.”

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu Ruzizi na ziwa la chini na mnyama aliye kama jicho. Alinisikiliza huku akihesabu pesa za mteja mwingine. Akauliza kama mnyama huyo analiwa. Nikasema hapana. Akauliza kama anauma. Nikasema visindano vyake ni hafifu, ngozi ya mtu haivisikii. Alifikiri kidogo, akasema, “Sasa kosa yake ni gani?” Akakata jani la mgomba kutoka fungu la jirani yake, akalitandika ndani ya kitunga, akawamwaga sambaza juu yake, akaongeza na kiganja cha nyongeza. Sasa jani linanisubiri kila Jumamosi.

Uvira sijarudi. Barabara imekuwa ngumu, wenye ndugu huko wanaelewa. Maji ya Tanganyika nayo yamepanda miaka hii, yameingia kwenye nyumba za ukingoni, na mahali tulipopandia mtumbwi usiku ule mjomba anasema sasa pako chini ya maji, wanaegesha karibu na ukuta wa jirani.

Juzi alinipigia karibu saa tano za usiku, akiwa ziwani. Nyuma yake niliwasikia vijana na wavu. “Mama, zimekuja,” akasema. “Nyingi. Kama nyota.” Nikamwomba anipigie picha. Alisema simu yake haina nguvu hiyo, atajaribu. Picha iliingia asubuhi, mtandao ulipokubali. Yote ni nyeusi. Karibu na kona ya chini kuna duara moja jeupe, hafifu, na kando yake kitu kingine kidogo chenye kung’aa ambacho nimekikuza hadi kikageuka vidoti, na bado naendelea kukiangalia.